TAHADHARI: Nyumba kuukuu yenye uwanja mkubwa, Kisauni. Anauza kuta, ardhi si yake

Jamani, hili jizi bado liko mtaani na bado linauza. Mwenzetu alimnunulia ile nyumba ya mwembe akidhani ananunua na uwanja wake, kumbe ardhi ni ya mtu mwingine. Nataka watu waone kiinimacho chenyewe, maana hao wanaomcheka mnunuzi nao wangeingia mlemle.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili hasa: vyumba sita, ukumbi katikati, uwani na choo cha shimo nyuma, kuta za boriti na fito zilizojazwa mawe na udongo, mabati yameota kutu. Ubavuni uwanja wa kuegesha malori manne, na minazi yake. Bei 2.5 milioni. Mnunuzi hapo macho yako kwenye uwanja. Nyumba ataibomoa tu.

Aliuliza kama mtu mwenye akili zake: hii nyumba ni ya nani? Majirani wote wakajibu ni ya fulani, kazaliwa humu. Mzee wa mtaa naye vivyo hivyo. Na wallahi hakuna aliyesema uongo! Nyumba ni yake. Mombasa hii kuta zina mwenyewe, ardhi ina mwenyewe, na hata minazi yaweza kuwa na mwenyewe wa tatu. Habari ya ardhi hawakuulizwa, hawakuisema.

Sasa pale barazani, kahawa imeshamiminwa, jamaa anatoa mfuko wa nailoni. Ndani mna risiti za miaka na miaka, zimepangwa vizuri, kila moja imeandikwa "kodi ya ardhi", muhuri wa zambarau. Anazipitisha kwa kidole gumba mbiombio, kiganja kimefunika jina la aliyepokea. Nani asingeamini? Unaona mtu hana deni na kaunti hata senti. Kumbe kaunti haimo kabisa. Ni kodi anayompelekea mwenye ardhi! Risiti zilezile zilizomtuliza mnunuzi ndizo zinazoonyesha kwamba muuzaji ni mpangaji wa ardhi.

Kisha ikaja kopi ya hati. Halisi, nambari halisi, ila ni ya shamba zima, kwa jina la marehemu asiyehusiana naye. "Huyo ni babu yetu, majina ya zamani hayo." Mara simu inalia: kuna mteja wa Nairobi anafika alasiri na pesa taslimu. Arbuni ikatumwa papo hapo kwa M-Pesa, 250,000 mara mbili, kikomo cha siku. Karatasi ikaandikwa "nyumba na uwanja wake". Nambari ya kiwanja haimo, eneo halimo, wakili hayupo. Iliyobaki ikalipwa mkononi.

Matofali yalipoteremshwa ndipo wakala wa mwenye ardhi akatokea na daftari lake. Kwenye ardhi za namna hii unaruhusiwa nyumba ya udongo. Ya mawe ni kwa idhini yake, na hata kuuziana kuta kunataka idhini yake, akate chake, abadilishe jina daftarini. Lililo baya zaidi ni kwamba haki yako yote imo ndani ya zile kuta. Ukishabomoa, umebomoa ulichonunua, ardhi inabaki kwa mwenyewe.

Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa udanganyifu, ni miaka mitatu. Mitatu tu! Kwa jasho la mtu la miaka yote ile! Huyu ni wa gereza la Shimo la Tewa mpaka mvi zimjae, na yule dalali wake aliyekula "ada ya kuonyeshwa" alale naye selo moja. Wenye namba ya ripoti polisi, ongezeni majina yenu kwenye kesi, msikae kimya kwa haya.

Dalili? Zilikuwapo. Anayekuuzia ardhi hukupa nambari ya kiwanja, inayoanza na MN (bara ya kaskazini ya Mombasa) au MS (bara ya kusini), na kwa hati nyingi za zamani za Pwani nambari ya C.R. (ya sajili ya ardhi ya Pwani) pia. Nenda nazo mwenyewe kwa msajili wa ardhi ufanye sachi, yaani uangaliziwe ardhi imeandikwa kwa jina la nani, usikubali ya kuletewa. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 na anaulipa mnunuzi. Hapa hakuna aliyeutaja, kwa sababu hakuna ardhi iliyokuwa inahama. Mpima ardhi aonyeshe bikoni, zile alama za mipaka, si "kutoka mwembe mpaka ile michongoma". Ardhi ya wakfu haiuzwi, iwe bei yoyote. Mirathi ni balaa jingine, leo siligusi.

Nasikia sasa amevuka feri, anatembeza nyingine Likoni, maneno yaleyale na mfuko uleule wa risiti. Akikukaribisha kahawa, mwombe risiti moja tu, uishike mwenyewe, usome jina la aliyepokea.