Kaure ya China au ya Sèvres: ipi bora?

Wapenzi wa vyombo vya kale hawaishi kubishana: kaure ya mji wa Jingdezhen, iliyopamba makasri ya China, au ya Sèvres, kiwanda cha Louis XV, mfalme wa Ufaransa?

Kwa uimara, China inashinda. Udongo wake mweupe uitwao kaolini huchomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,300 ukawa mgumu ajabu. Ufaransa haikuwa na siri hiyo. Padri Mjesuiti François Xavier d'Entrecolles alituma barua mwaka 1712 na 1722 akieleza kazi ya Jingdezhen hatua kwa hatua (upelelezi wa viwanda, tuseme ukweli), lakini kaolini ilikuja kupatikana karibu na Limoges, Ufaransa, katika miaka ya 1760. Hadi hapo Sèvres ilitumia mchanganyiko laini, unaochunika kwa kisu na kuharibika ovyo tanurini.

Kwenye rangi mambo hugeuka. Ulaini huohuo ulifanya buluu na waridi ya Sèvres izame na kung'aa kwa namna ya pekee. Na hata kabla Sèvres haijaanzishwa, Kangxi, mfalme wa China, alitaka mafundi wa rangi kutoka Ulaya.

Bei? Kaure ya China ilisafirishwa kwa shehena za meli, hivyo vipande vya kawaida bado vinanunulika. Sèvres ni ya wenye nacho.

Ukitaka chombo cha kushika na kutumia, chukua cha China. Ukipenda mchoro wa kutazamwa kabatini, Sèvres. Na kama nia ni kujifunza tu, kaure ya China ipo hata Fort Jesus, Mombasa. Ya Sèvres huenda ikakudai safari ya mbali, kama Ulaya.