Nimezijaribu fomu za tiba mezani kwangu: ipi inaongea na mteja wa Kiswahili, ipi haiongei

Habari zenu wanasihi wenzangu, na wewe mwanasaikolojia, na wewe nesi wa kliniki uliyeongezewa kazi ya ushauri juu ya kazi zako zingine zote, karibuni sana. Leo nimemwaga karatasi mezani kama mnavyoona, hizi zote ni fomu na karatasi za mazoezi ambazo nazitumia na wateja hapa Dar, zingine miaka sasa, zingine miezi tu, na mmeniuliza sana inboksi, dada nianze na ipi, ipi nitoe kopi ipi niache, basi leo tunazipitia.

Kabla sijashika hata moja niwaambie ninavyozipima. Naisoma kwa sauti. Basi. Maana wateja wangu wengi hawajazi fomu wenyewe, mimi ndo nawasomea, kwa hiyo karatasi ikiwa nzuri machoni halafu nikiisoma mteja ananitazama tu, hiyo kwangu haijapita.

Naanza na hii hapa, ngoja niisogeze, mnaiona? PHQ-9. Hii ya kupima sonona, karibu wote mnaijua. Waliitengeneza Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke huko Marekani, hela ikatoka Pfizer, na uzuri wake mkubwa ni bure kabisa, unaprinti, unatoa kopi, hakuna wa kumwomba ruhusa. Maswali 9, yanauliza wiki 2 zilizopita, kila swali 0 mpaka 3, jumla ni 27. Akifika 10 mimi huwa nafunga daftari namsikiliza zaidi, 15 kwenda juu hali ni nzito, 20 ni nzito sana. Na ni kipimo cha kuchuja tu jamani, sio cha kumwambia mtu una ugonjwa fulani, maana kuchoka na kukosa usingizi kunaweza kuwa upungufu wa damu, kunaweza kuwa dawa anazotumia, mpeleke na kwa daktari.

Sasa shida yake iko kwenye majibu. Yako manne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Hebu isikilizeni tena hiyo ya tatu kwa sikio la Mswahili, zaidi ya nusu ya siku. Nilikuwa na bibi mmoja, namuuliza umekosa raha zaidi ya nusu ya siku? Akanijibu, mwanangu, nusu ya siku ni mpaka adhuhuri, mimi asubuhi ndo nakuwa mbaya, nikishapata chai na jua likipanda nachangamka. Yaani alinielewa vizuri tu, ni nusu ya siku moja, masaa, wakati fomu inauliza nusu ya siku zote 14. Nikajiuliza ni wateja wangapi kabla yake niliwaandikia alama ya 2 ambayo haikuwa 2, na hilo liliniuma kweli, kwa sababu alama hizo ndo tunazitumia kuamua nani apelekwe hospitali na nani arudi wiki ijayo.

Nilichofanya, mnaona hizi? Kete za bao, 14. Namwekea mbele namwambia mama, hizi ni siku za wiki mbili zilizopita, tangu Jumapili ile mpaka leo, zile ambazo hukulala vizuri zisogeze huku. Anasogeza. Zikibaki zote ni 0, chache ni 1, zikizidi nusu ni 2, karibu zote ni 3. Inachukua dakika nyingi zaidi, ndio, lakini wakati anasogeza kete anaongea, anakwambia hii ni siku ile mwanangu alifukuzwa shule kisa ada, hii ni siku ya msiba, na hapo umepata zaidi ya ulichouliza. Kama huna kete tumia maharage.

Kingine, usimuulize mtu "una mawazo?" kama ndo swali la kupima. Kila mtu atakujibu ndio, nani hana mawazo. Uliza alivyosema yeye mwenyewe alipoingia mlangoni: moyo mzito, kichwa kinawaka moto, mwili umekufa ganzi, nimechoka na dunia. Andika maneno yake pembeni ya fomu, wiki ijayo umuulize kwa maneno hayohayo.

Swali la 9 nitalirudia mwishoni, lina mambo yake.

Haya, hii nyingine. Karatasi ya fikra, ile ya safu safu, tukio, fikra, hisia, ushahidi, fikra mbadala. Inatoka kwenye tiba ya fikra na tabia, kazi ya daktari wa akili Aaron Beck kule Philadelphia tangu miaka ya 1960, na ni chombo kizuri mno mtu akishakishika. Ila kwa Kiswahili inakwama safu ya tatu, kwa nini? Kwa sababu sisi neno kuhisi tunalitumia kotekote. Mtu anasema "nahisi mume wangu hanitaki", hiyo sio hisia, hiyo ni fikra, anadhania, anashuku. Halafu hisia zenyewe tunazisikia: nasikia hasira, nasikia uchungu, kama unavyosikia njaa na baridi. Kwa hiyo ukimpa karatasi imeandikwa HISIA anajaza fikra, kila safari, na wewe unadhani mteja hajaelewa zoezi kumbe karatasi ndo haijamwelewa mteja.

Mimi nimeandika upya juu ya safu, tazameni: "Nini kilitokea", "Nilijiambia nini", "Mwilini nilisikia nini, wapi". Tatu tu. Dada mmoja muuza vitumbua alipoanza kujaza "nilijiambia nini" alinyamaza muda mrefu, halafu akasema mbona najiambia maneno ambayo hata adui yangu sijawahi kumwambia. Hiyo ndo kazi ya karatasi hii, kumpa nafasi akasikie. Safu ya ushahidi nimeitoa kwenye karatasi kabisa, naifanya kwa mdomo wiki ya tatu au ya nne, maana wateja kadhaa waliniambia wanajiona kama wako mahakamani, na kuna ambao mahakamani wamefika kweli na sio kumbukumbu nzuri. Asiyeandika ajirekodi voisi kwenye simu, ila umuulize kwanza simu inashikwa na nani nyumbani.

Hii bahasha kubwa sitaki niikalie sana. Ni kifurushi cha karatasi za kuchapa nilikinunua mtandaoni kwa dola, jina siwatajii, rangi zake nzuri, maua, na ndani kuna orodha ya mambo ya kujifariji: jaza beseni la kuogea maji ya moto, washa mishumaa, tembea na mbwa wako msituni. Mteja wangu anachota maji kwa ndoo, hela ya ndoo ameipigia hesabu. Nikimpa orodha ile namwambia bila kusema kwamba tiba hii sio ya watu kama yeye. Hela iokoeni.

Ratiba ya wiki sasa, hii ya kumrudisha mtu kwenye shughuli kidogo kidogo, mtu aliyejifungia ndani unampangia hatua ndogo, leo afagie uwanja, kesho aende mpaka kwa jirani, na nyingi mtazikuta mtandaoni zimeanzia 07:00, 08:00, hivyo. Msizitumie! Mteja anaamka saa 1 asubuhi, anaenda kujaza kwenye 01:00, ukisoma unadhani anaamka usiku wa manane na umeshaanza kushuku usingizi wake. Nimechora ya kwangu ina alfajiri, asubuhi, adhuhuri, alasiri, magharibi, usiku, na imekubali kwa wote, Mwislamu, Mkristo, bodaboda, mama ntilie, kwa sababu siku yetu ndivyo inavyokatika. Kopi moja pale steshenari shilingi 100, unamalizana.

Kama wewe sio mtaalamu wa saikolojia, ni mhudumu wa afya ya jamii au kiongozi wa kikundi, nakushauri uipate PM+, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kumsaidia mtu mwenye msongo na matatizo ya maisha, imetoka 2016, bure kwenye tovuti yao. Vikao 5, kila kimoja dakika 90, mbinu nne: kupumua taratibu, kushughulikia tatizo hatua kwa hatua, kurudi kwenye shughuli, na kukaza uhusiano na watu. Imejaribiwa Nairobi na wanawake 421, wengi wao wamepitia ukatili, waliowahudumia ni wahudumu wa jamii waliofundishwa, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha wamepata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ninachokipenda ni kwamba mwongozo unakupa na maneno ya kusema. Usiishike bila mafunzo na bila mtu wa kukusimamia, hilo nalisema kwa uzito. Na wakati tuko hapo, mtafuteni Dixon Chibanda wa Zimbabwe, daktari wa akili aliyeanza 2006 kule Mbare, Harare, na mabibi 14 wanaokaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki, na wao hawakuanza na neno la kizungu, walianza na neno la Kishona kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Ndo namna hiyo jamani, neno la watu kwanza.

Sasa hii ya mwisho ndo niliyoiwekea muda. Mpango wa usalama, wa Barbara Stanley na Gregory Brown. Ni kwa mteja ambaye swali la 9 la PHQ-9 amejibu ndio, kwamba ameona bora afe au amefikiria kujidhuru. Kwanza lile swali liulizeni wazi, kwa sauti ya kawaida, msilipite haraka na msilifunikefunike. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, tafiti zimelisema hilo mara nyingi. Ila mjue kwa nini anasita kujibu. Huku Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa kisheria, Kenya nao Mahakama Kuu ndo imetamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226, kile kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na katiba. Kwa hiyo mtu anakutazama anawaza, huyu ataniitia polisi? Mwambieni mapema nini kinabaki kati yenu na nini lazima kitoke.

Karatasi ina hatua sita: dalili zangu kwamba hali inakuja, ninachoweza kufanya peke yangu, watu na sehemu za kunitoa mawazoni, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu, na kufanya mazingira yawe salama. Kwenye hospitali 9 za wanajeshi wastaafu Marekani, utafiti wa 2018, waliopewa mpango huu na kupigiwa simu baada ya kuruhusiwa walikuwa na matukio ya kujiua au kujaribu pungufu kwa asilimia 45 ndani ya miezi 6. Karatasi moja na simu!

Hatua ya 3 na ya 4 zinatenganisha mtu wa kupiga naye soga na mtu wa kumweleza ukweli. Kwetu msizichanganye, shangazi wa kuchekesha anaweza asiwe wa siri, mteja mwenyewe achague. Hatua ya 6 kaeni nayo muda, muulize nyumbani kuna nini cha hatari, dawa za shamba, vidonge, na nani anaweza kuvifungia kwake. Jina la mtu huyo liandikwe.

Na karatasi isiende nyumbani ilivyo. Mteja wangu mmoja, nimebadilisha mambo asitambulike, shemeji yake aliikuta fomu kwenye pochi, kichwa cha habari kikubwa, afya ya akili, mteja mwezi mzima hakurudi kwangu na nyumbani aliitwa majina. Tangu hapo fomu zinabaki kabatini kwangu na kufuli, yeye anaondoka na hiki, kikadi kidogo, hakina kichwa cha habari, kinakaa nyuma ya kava la simu. Majina manne na namba. Kwa Kenya naandika 1199 ya Msalaba Mwekundu, kwa mtoto huku Tanzania 116.

Niandikieni kwenye komenti, lile swali la 9 mnalitamkaje huko kwenu, Mombasa, Kigoma, Bukavu, Unguja, neno kwa neno. Nayakusanya, nikipata ya kutosha nitayasoma hapa yote.