Mafunzo ya Kunyonyesha kwa Wajawazito, Dodoma: Tathmini Yangu

Nilijiandikisha katika mafunzo haya nikiwa na ujauzito wa wiki 32, kwenye kliniki moja ya binafsi hapa Dodoma mjini. Yanafanyika kwa Jumamosi 3, ada ni shilingi 40,000, na mkufunzi ni mkunga mstaafu. Leo mwanangu ana wiki 9 na hajaonja kitu kingine zaidi ya maziwa yangu, kwa hiyo ninayoyaandika nimekwisha kuyapima kwa vitendo.

Somo lililonifaa kuliko yote ni la kumpakata mtoto na kumweka kwenye titi. Kila mmoja wetu alipewa mwanasesere, na mkunga akatusahihisha mmoja mmoja mpaka tukaelewa kwamba mtoto ndiye anayeletwa kwenye titi, si mama anayemwinamia. Kwamba kinywa kifunguke wazi kwanza, kidevu kiguse titi, na mtoto akamate sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu, kwani akinyonya ncha peke yake ndipo michubuko inapoanza. Usiku wa kwanza wodini, nilipohisi maumivu, nilikumbuka kuingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, nikamtoa taratibu na kumweka upya.

Alitukataza pia kusugua chuchu kwa taulo ili zikomae, ushauri ambao mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kuufuata. Kuhusu dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kujifungua, ambalo katika ukoo wetu lilikuwa likikamuliwa na kumwagwa, alitufafanulia kwamba lina kinga ya mwili, na kwamba uchache wake usitutishe, kwa sababu tumbo la mtoto wa siku moja hutosheka na takriban kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo.

Jumamosi ya pili wanaalikwa waume na wakwe, na kwangu hilo peke yake lilistahili ada yote. Mama mkwe wangu, aliyesafiri kutoka Kongwa, aliuliza: "Mwanangu, kwa joto hili la Dodoma, mtoto asipewe hata tone la maji mpaka miezi 6?" Mkunga alimjibu kwa upole: "Mama, hayo maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji. Joto likizidi, anyonyeshwe mara nyingi zaidi." Tangu siku hiyo, mama ndiye anayewazuia wageni wanaokuja na maji ya uvuguvugu na dawa ya chango.

Kasoro kubwa iko katika somo la kurejea kazini, lililopitiwa kwa dakika 20 tu. Hatukufanya mazoezi ya kukamua kwa mkono, wala hatukuambiwa kwamba sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama, baada ya likizo yake ya siku 84, hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku ndani ya muda wa kazi. Zaidi ya hayo, tulielezwa kwamba maziwa yaliyokamuliwa hukaa nje ya friji kwa saa 4, bila kusisitizwa kwamba kipimo hicho ni cha chumba kisichozidi nyuzijoto 25, ilhali vyumba vyetu vya paa la bati huvuka kiwango hicho mchana wa Oktoba na Novemba. Kosa hilo linapaswa kurekebishwa haraka.

Pamoja na hayo ninayapendekeza, hasa kwa mwenye mimba ya kwanza. Jiandikishe kabla ya wiki ya 34, na Jumamosi ya pili umlete yule atakayekaa nawe nyumbani baada ya kujifungua.