Me 262 ya kipimo cha 1/72: kazi yote iko puani

Ndani ya boksi la ndege hii ya kuunganisha kuna vipande 58 vya plastiki ya kijivu, vioo vitatu na karatasi ya alama za kulowekwa. Ikikamilika, ndege inafika karibu sentimita 15 kwa urefu na 17 na nusu kwa mabawa, sawasawa na Messerschmitt Me 262 halisi, jeti ya kivita ya Wajerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, ukiigawanya kwa 72. Mzigo ukija kwa basi kutoka Dar, fungua boksi palepale stendi ya Nyegezi, Mwanza, uangalie kioo cha rubani. Ni chembamba, huchubuka haraka, na cha akiba hakuna.

Alama ni za Erprobungskommando 262, kikosi cha Lechfeld, Ujerumani, kilichopewa jeti hii kuijaribu vitani ikiwa bado na kasoro zake. Tarehe 26 Julai 1944 rubani wake Alfred Schreiber aliivamia ndege ya Mosquito ya upelelezi ya Waingereza.

Tatizo kubwa ni uzito. Maelekezo yanataka gramu 5 puani. Ukiweka hizo, ndege inakalia mkia. Weka 8. Chubwi za risasi za nyavu, zile za maduka ya zana za uvuvi Kirumba, zinafaa kuliko chochote: zigongwe nyundo zilale, zipangwe mbele ya sakafu ya rubani, zinazobaki ziingie kwenye midomo ya injini, kwa kuwa nayo iko mbele ya magurudumu makubwa. Shika mwili kwa selotepu kwanza, usimamishe, ndipo ugundishe. Gundi nyeupe ya mbao usiiguse hapa. Inaila risasi polepole, risasi inavimba, na baada ya miezi pua inapasuka kwenye mshono. Tumia gundi ya mirija miwili. Na nawa mikono, risasi ni sumu.

Ndege halisi nayo ilisumbua hapohapo. Mifano ya kwanza ilikuwa na gurudumu la mkia, na mkia ukagoma kuinuka. Rubani wa majaribio Fritz Wendel, 18 Julai 1942, ilibidi aguse breki katikati ya mbio ndipo unyanyuke. Wakahamishia gurudumu mbele, mguu wake ukawa dhaifu. Kwenye seti hii pia ni dhaifu: kijiti cha milimita moja na nusu kinachobeba risasi yote. Toboa katikati kwa sindano ya moto, pitisha waya wa chuma.

Injini za Jumo 004 zimechongwa vizuri. Koni ya nyuma, ambayo Wajerumani waliiita kitunguu, ina umbo lake, na puani mwa injini kuna kile kipete cha kuvutia kamba ya kuwashia, maana injini ya jeti iliwashwa na kiinjini kidogo cha Riedel kinachovutwa kama mashine ya boti. Ila nusu mbili za ganda hazikutani; acha mwanya ujae puti, kausha siku nzima, piga msasa namba 400 kisha 800 wenye maji.

Matundu ya mizinga minne ya milimita 30 yamezibwa. Toboa.

Rangi usipulizie jioni. Taa ikiwaka, wadudu wa ziwani wanajaa na kunasa kwenye rangi mbichi, na kuwang'oa kunang'oa na rangi. Saa nne asubuhi mpaka saa nane ndiyo nafuu. Siku za masika vanishi hugeuka ukungu mweupe kwa sababu ya unyevu. Subiri siku kavu, upulizie upya tabaka jembamba, mara nyingi ukungu unaondoka.

Alama hushika vizuri zikilowekwa sekunde 20 tu. Ukizidisha gundi yake inaishia majini.

Anayeanza achukue kwanza ndege ya pangaboi yenye gurudumu la mkia. Aliyeshaunganisha mbili tatu, hii ainunue, na chubwi azinunue siku hiyohiyo.