Shelaki Kavu ya Gita: Hii Imefika Bila Ugomvi

Haya wadau, habari zenu. Leo sina gita jipya la kuwaonesha, nina mfuko. Huu hapa. Sogeza kamera, sogeza kabisa waone. Hii ni shelaki ya magamba, ile unayoyeyusha kwenye spiriti ukapaka gita ling'ae, kavu, nusu kilo, imetoka India, na imenifikia Dar es Salaam bila mtu kunipigia simu kuniuliza maswali ya ajabu. Mniwie radhi nikicheka peke yangu.

Mafundi gita wenzangu wananielewa. Mbao siyo shida yetu. Mpingo unakatwa Kilwa na Lindi huko, unakwenda Ulaya kuwa klarineti. Mninga tunao, mvule tunao. Kinachotutoa jasho ni cha kupaka juu. Kila mteja akija anataka laka ya nitro, yaani ya nitroselulosi, kwa sababu ameona gita za Gibson na Martin zina ule mng'ao. Sawa, ni nzuri, sibishi. Sasa iagize uone!

Laka ya nitro ni kimiminika kinachoshika moto haraka. Kwenye usafirishaji, kimiminika ambacho mvuke wake unaweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi au chini yake kinaingia daraja la 3 la mizigo ya hatari, na laka inapewa namba ya Umoja wa Mataifa ya mizigo ya hatari, UN 1263, kapu moja na rangi za mafuta. Posta haibebi. Ndege inabeba kwa makaratasi maalumu na vifungashio maalumu, na hapo nauli inaweza kuipita bei ya laka yenyewe mara kadhaa. Ile ya kopo la kupuliza ndiyo usiseme, ina namba yake, UN 1950, na gesi ndani. Halafu mzigo ukifika, VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye bei ya kopo peke yake. Inapigwa kwenye bei, jumlisha nauli, jumlisha bima, jumlisha ushuru. Yaani unalipia kodi hadi nauli iliyokuumiza. Hapo ndipo ninapochukia.

Na kuna mafuta ya Tru-Oil, mnayajua, hayo mafuta ya kitani yaliyochemshwa na kuchanganywa na vitu vingine. Mafundi wengi wa Marekani wanayapenda kwa shingo ya gita. Tatizo kopo limeandikwa wazi kabisa kwamba ni ya kitako cha bunduki, maana ndiyo kazi yake ya asili. Wakala aliyekuwa anatoa mzigo wangu, simtaji, akaniuliza kibali cha silaha kiko wapi. Kaka, ni mafuta! Nikamtumia picha ya gita. Akaniuliza gita linahusiana vipi na bunduki. Tuliongea wiki nzima.

Ndiyo maana narudi kwenye huu mfuko. Shelaki ya magamba haina kimiminika ndani yake, hakuna cha daraja la 3. Ni utomvu wa mdudu mdogo anaitwa Kerria lacca, anakaa kwenye matawi ya miti, sanasana Jharkhand kule India. Kwenye vitabu vya forodha inakaa kichwa cha 1301 pamoja na gundi za miti, wakati laka na vanishi zilizokwisha kutengenezwa ziko 3208. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35, na bidhaa iliyokamilika ndiyo inayobebeshwa ngazi za juu. Kwa hiyo muuzaji wako aandike kwenye ankara kitu kinachoeleweka: shelaki kavu, magamba, kilo ngapi. Asiandike "vanishi". Tafadhali sana. Na kabla hujalipia kopo lolote la kimiminika, omba karatasi ya usalama wa kemikali, fungua sehemu ya 14, inayohusu usafirishaji. Ukiona namba ya UN pale, jua umeingia vitani.

Sasa tuione kazi. Hapa nina gramu 24, na hii ni mililita 100 za spiriti. Sitaki ile ya rangi ya zambarau kwenye uso wa mti mweupe, na sitaki yenye maji mengi. Hii ni ya maabara. Na msianze kuniuliza kwenye maoni kama Konyagi itafaa: ni asilimia 35, iliyobaki karibu yote ni maji. Gongo nayo hapana, na ni kesi juu.

Namwaga magamba. Funika, tikisa taratibu, acha. Kila ukipita mezani unatikisa, la sivyo yanaganda chini. Hii nyingine niliiweka jana, tazameni: imeyeyuka yote, kahawia inayoelekea dhahabu, chini hamna kitu. Na hii chupa ya tatu ni shelaki ya zamani ya jamaa yangu, ilikaa dukani kwenye joto la mabati. Spiriti ileile, muda uleule. Ona. Imevimba, imekuwa kama uji wa muhogo, haiyeyuki na haitayeyuka. Joto letu ndilo linaifanya hivyo, magamba yanashikana na kuchoka. Yangu yapo kwenye friji, chini kule kwa mboga. Mke wangu ana maoni yake kuhusu hilo, siyasemi hapa.

Ukishayeyusha usipitishe miezi sita. Kama una wasiwasi, dondosha tone kwenye kioo, liache mpaka kesho, libonyeze kwa ukucha. Likibonyea, tupa.

Haya, kupaka. Kifundo changu cha kupakia ni pamba ndani, nje fulana iliyofuliwa mpaka imekwisha nyuzi. Tone moja la mafuta ya zeituni, moja tu. Naanza miduara midogo kwenye mpingo. Angalieni nyuma ya kifundo. Mnaona ule ukungu mwembamba unaokifuata halafu unapotea? Huo ndio unaonesha kifundo kina unyevu sawasawa. Ukiona majimaji umezidisha, ukiona hakuna ukungu kimekauka na sasa unakwaruza. Miduara, halafu namba nane, halafu kunyoosha mstari. Usisimame! Ukisimama katikati kifundo kinanata na kinang'oa ulichopaka. Tazama hapa chini ya taa... aisee. Huo ni mpingo na shelaki tu, hakuna kingine.

Na mpingo una sababu ya pili ya kuipenda shelaki. Ni jamii ya miti inayoitwa Dalbergia, una mafuta yake ya asili yanayozuia mafuta ya kupaka yasikauke. Ukiupaka Tru-Oil au mafuta yoyote ya kitani moja kwa moja, unaweza kusubiri siku na siku bado unanata. Tanguliza shelaki nyembamba, ndiyo mafuta yapite juu.

Ila nisiwadanganye. Shelaki inaogopa pombe, inaogopa joto, na jasho la mkono linailainisha pale unapoegemeza mkono juu ya mwili wa gita. Mpiga gita wa bendi, wa baa, bia zinamwagika, jukwaa lina joto: huyo simpi shelaki. Huyo nampa laka ya samani inayouzwa hapahapa, ile ya mafundi samani wa Keko, Dar, naichuja, naipiga nyembamba. Ni nzito na imetengenezwa kwa ajili ya meza, lakini ipo dukani leo. Nilianza video nikitaka kusema shelaki ndiyo kila kitu, kumbe kwa gita la nyuzi za nailoni la nyumbani ndiyo, kwa gita la kazi bado naitamani nitro. Na kipindi cha masika spiriti ikivuta unyevu, uso unapauka weupe. Subiri siku kavu.

Bei: kwa wauzaji wa Marekani ratili moja, yaani karibu nusu kilo, inaanza dola 30 na kitu, India moja kwa moja ni nafuu ukichukua zaidi. Tuchangiane, watu wanne watano, mzigo mmoja.

Video ijayo ni ya wale mnaouliza kuuza gita la mpingo nje. Dalbergia yote iliingia orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, Januari 2017, ala zilizokamilika zikalegezewa 2019, makaratasi nitawaonesha moja moja. Kengele bonyeza. Na mwenye duka la spiriti ya asilimia 99 kwa lita, Dar au Arusha, aandike chini hapo, maana ya maabara wananiuzia kwa bei ya manukato.