Rafu zisizoonesha skrubu: uzoefu wangu nyumbani Kiponda

Nilijizuia kuandika haya siku ile rafu ilipoanguka, kwa kuhofia kwamba ningeandika maneno ya kujutia, lakini umepita mwezi na ushei sasa, na hasira imekaa pale pale ilipokuwa, kwa hiyo bora niandike.

Vipimo na rangi sitavieleza, kwa kuwa vimo katika karatasi iliyobandikwa kwenye boksi. Kilichonivuta ni kwamba rafu hizi hazina mikono ya chuma kwa chini wala kichwa cha skrubu kinachoonekana. Ukutani hufungwa kipande bapa cha chuma chenye vyuma viwili vilivyochomoza, nyuma ya ubao kuna vitundu viwili virefu, na ubao ukichomekwa huwa kama umeota ukutani. Nilikuwa na ukuta mmoja mtupu sebuleni, nikanunua rafu tatu, na katika bei hiyo nikaahidiwa fundi wa kuja kuzifunga.

Nyumba yetu hapa Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni ya zamani, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo, zenye unene wa nusu mita na zaidi. Hilo nililisema dukani kabla ya kutoa fedha, na nililirudia kwa kijana aliyekuja na drili. Akaniambia, "Usijali, mama, ukuta ni ukuta." Nilipaswa kumsindikiza mlangoni pale pale.

Alipoanza kutoboa ulitoka unga mweupe laini, kisha ukageuka wa rangi ya udongo, na ghafla drili ikazama mpaka shinani kama kisu ndani ya boflo. Alikuwa ameacha mpigo wa nyundo wa drili ukifanya kazi, na mpigo ule ukamomonyoa chokaa iliyoshika mawe, hata tundu la upana wa kalamu likawa linaingia kidole changu gumba. Kidude cha plastiki kinachotakiwa kuishika skrubu kikazunguka pamoja nayo bila kukaza. Alichofanya baada ya hapo nilikiona kwa macho yangu: alivunja njiti za kibiriti, akazishindilia tunduni, akapaka saruji juu yake, akafunga chuma na kuchomeka rafu kabla hata ya saruji kukauka. Alipoweka pima maji juu ya ubao, tone la hewa lilikaa katikati, nami nikaridhika, kwa kuwa sikufahamu kwamba alikuwa ameupima ubao kwa urefu wake tu. Kwa upana, yaani kutoka ukutani kuja mbele, hakuupima.

Baada ya siku chache rafu ya katikati ilianza kurukuu. Nilidhani ni macho yangu. Katika rafu ya namna hii mzigo wa mbele huzivuta skrubu za juu zitoke ukutani, na kadiri ubao unavyokuwa mpana ndivyo mvuto unavyozidi, kwa hiyo palipohitajika nguvu ndipo palipokuwa na njiti za kibiriti. Ilianguka alfajiri pamoja na vikombe sita vya kahawa alivyoniachia bibi yangu, vile vidogo visivyo na mkono, na kimoja tu ndicho kilichosalimika.

Nilipiga simu dukani. Sikutukana, nilieleza kwa utulivu, na nilitaraji angalau neno la pole. Kijana yule akapewa simu, akacheka kidogo, akasema, "Si wewe uliyetaka skrubu zisionekane, mama? Sasa hazionekani." Kisha bwana mwenye duka akachukua simu na kuniambia kwamba bidhaa yake haina tatizo, ukuta wangu ndio mbovu. Ukuta mbovu! Umesimama tangu kabla ya babu yake kuzaliwa. Mtu ana duka ndani ya Mji Mkongwe, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa sababu ya nyumba kama hizi, na bado anauza kifaa cha ukuta wa matofali ya saruji bila kumwonya mnunuzi, kisha anautukana ukuta.

Kwa hiyo nilikuwa nimeazimia kuandika kwamba msinunue kabisa. Hata hivyo jirani alinipeleka kwa mwashi mmoja mtu mzima, na haki inanilazimu kuyaeleza aliyoyafanya. Kwanza aliikwangua saruji yote, akasema kwamba saruji huziba pumzi ya ukuta wa chokaa, na unyevu ukikosa pa kutokea lipu huvimba na kubanduka. Kisha akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, huku ameweka sikio, mpaka akapata mahali panapojibu kwa sauti nzito, yaani penye jiwe zima. Alitoboa hapo bila mpigo, akapuliza vumbi lote, akatia kijisoksi cha wavu ili gundi isipotelee katika mapengo ya ukuta, akaijaza gundi ya kemikali ya mafundi, na ndani yake akasimamisha vyuma virefu zaidi, vya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hewa ya bahari hukila kingine upesi. Akakataza tusiviguse mpaka kesho yake. Mwisho akaziba makovu kwa lipu ya chokaa, na rafu ikachomekwa.

Nakiri kwamba inapendeza. Ukiisogelea huoni kitu ila ubao na kivuli chake, na wageni huinama kutazama chini yake wakitafuta kinachoishika. Basi labda rafu haina kosa, na ningeipa alama nzuri kama ingeuzwa na watu wengine. Ila kila nikifikia hapo naisikia ile "si wewe uliyetaka", na alama zote naziondoa. Mwashi mwenyewe hakuvutiwa sana; alinionesha kidaka kilichozibwa karibu na dirisha, akauliza kwa nini nimenunua ubao ilhali ukuta wenyewe ulikuwa na rafu yake ndani.

Rafu mbili nyingine nilizifungua kabla hazijaanguka, na zimeegemezwa nyuma ya mlango, kwa kuwa gharama ya mwashi imekaribia bei ya rafu zenyewe na duka halijarudisha hata senti. Kikombe kilichobaki nimekiweka juu ya ile iliyofungwa, na ndani yake nimetia skrubu zote za yule kijana, mahali zinapoonekana.