Kicheko chenye Damu: Uhakiki wa The Mask Omnibus, Juzuu la Kwanza

Wengi wetu tulimfahamu Stanley Ipkiss kupitia filamu ya The Mask ya mwaka 1994, ambamo Jim Carrey aliigiza mfanyakazi wa benki aliye mpole na mwenye kudharauliwa, anayeokota kinyago cha kale majini na, kila akivaapo usiku, anageuka kiumbe mwenye kichwa cha kijani, suti ya njano na vituko visivyo na kikomo. Filamu hiyo iliyoongozwa na Chuck Russell ilitazamwa kwenye kanda, kisha kwenye diski, na watu ambao hawakuwa na habari kwamba ilitokana na katuni za kampuni ya Marekani ya Dark Horse Comics. Katika katuni hizo kiumbe yuleyule, mwenye meno yaleyale na mizaha ileile, anaua watu.

Juzuu hili, lililotoka mwaka 2008, linakusanya hadithi tatu za mwanzo zilizochapishwa kati ya mwaka 1991 na 1995. Wazo la awali lilikuwa la Mike Richardson, mwanzilishi wa kampuni hiyo, lakini walioipa hadithi hii uhai ninaousifu hapa ni mwandishi John Arcudi na mchoraji Doug Mahnke. Ipkiss wao hakiokoti kinyago, bali anakinunua katika duka la vitu vya kale ili ampe mpenzi wake, Kathy, na tangu usiku wa kwanza anakitumia kulipiza visasi. Wale mafundi wa gari waliomlaghai, ambao katika filamu wanaadhibiwa kwa ekzosi za magari huku sisi tukivunjika mbavu, katika katuni hawabaki hai, na mwalimu aliyemwaibisha alipokuwa mtoto anafuatwa vilevile, ingawa miaka mingi imepita na kosa lake lilikuwa dogo mno kulinganisha na malipo anayolipwa.

Hapo ndipo ninapoona ubora wa kazi hii. Arcudi haandiki habari za mtu mwema aliyepatwa na kitu kiovu. Anaandika habari za mtu mnyonge ambaye kwa muda mrefu ameweka moyoni orodha ya waliomkosea, na ambaye sasa amepata nguvu isiyoweza kuadhibiwa. Ukatili unamwingia hata anapokuwa amekivua kinyago: anamfokea Kathy, anamdanganya, na hawezi tena kukaa mbali na kile kitu. Filamu ilimfanya Ipkiss kuwa shujaa ambaye mwishoni anajifunza kujiamini bila kinyago, na kumpa mwimbaji aliyeigizwa na Cameron Diaz awe tuzo yake. Katuni haimpi nafasi hiyo. Anauawa kabla hadithi ya kwanza haijafika katikati, na anayemuua ni Kathy, akiwa amekivaa yeye mwenyewe.

Msomaji aliyeizoea filamu atashtuka sana, kwa sababu mtu aliyedhani ndiye mhusika mkuu ametoweka huku kurasa nyingi zikiwa zimebaki. Baada ya hapo kinyago kinafika kwa Luteni Kellaway, polisi ambaye katika filamu alikuwa wa kuchekwa tu. Hapa ni mtu makini, aliyechoshwa na wahalifu wanaoponyoka mikono ya sheria, na anakivaa kwa nia njema kabisa. Sehemu hii imeniathiri kuliko ile ya Ipkiss, kwa kuwa Kellaway anajitambua na anaona anakoelekea, lakini nusura amuue rafiki yake mwenyewe kabla ya kukizika kinyago chini ya saruji.

Michoro ya Mahnke inastahili kutazamwa polepole. Watu wa kawaida amewachora kwa uhalisia, wenye mikunjo ya uso na nguo zilizochakaa, na mji wao ni mchafu na wenye giza. Mvaa kinyago peke yake ndiye anayenyumbulika, anayetoboka kwa risasi na kujiziba, anayechomoa silaha kubwa kuliko mwili wake kutoka mfukoni. Yeye anaishi kwa kanuni za vibonzo, wenzake wanaishi kwa kanuni za nyama na mifupa. Kicheko kinaanza kabla hujaona matokeo ya mzaha, nawe unajikuta umeshacheka jambo la kutisha. Anayeweza kumkabili ni Walter, jitu la makovu lisilosema neno, na kila linapoingia hadithi hupata uzito.

Hadithi ya pili, inayoingiza kinyago katika vita vya magenge, bado ina nguvu, hasa pale Kathy anaporudi. Ya tatu, inayohusu vijana wanne wanaopokezana kinyago, ni dhaifu. Inakaribia zaidi ucheshi wa filamu, na wahusika wake hawana machungu ya kutosha kutufanya tuwahofie.

Mzazi ambaye watoto wake waliupenda mfululizo wa vibonzo vya televisheni uliotokana na filamu asiwanunulie juzuu hili kwa kuvutwa na sura ya kijani iliyo kwenye jalada, kwa maana mauaji yamechorwa waziwazi. Kwa mtu mzima anayeijua filamu vizuri, ninapendekeza alipate na asome walau hadithi ya kwanza yote kwa mkao mmoja, kwa sababu mabadiliko ya mvaaji kutoka Ipkiss hadi Kathy na Kellaway yanahisiwa vizuri zaidi pasipo kukatizwa.